Mashine Ijaribiwe kwa Vidole vya Mkulima

Asubuhi ya tarehe 15 Januari mwaka 2026 wananchi wa Kampala walitoka majumbani mwao kwenda kupiga kura. Vituo vilipasa kufunguliwa saa moja. Katika vituo vingi, hapa mjini na huko mikoani, saa moja ilipita, saa mbili ikapita, na mahali pengine jua lilikuwa limekwisha panda ilhali watu wangali wamesimama katika mistari, wakiwatazama makarani wakihangaika na kimashine kidogo kilicholetwa ili kuthibitisha alama za vidole na sura za wapigakura. Kimashine hakikuitika. Mwishowe Tume ya Uchaguzi, chini ya Mwenyekiti wake, Jaji Simon Byabakama, iliamuru kwamba pale ambapo mashine imeshindwa, karani atumie daftari la karatasi, na muda wa kupiga kura ukaongezwa. Rais Museveni mwenyewe, aliyepigia kura yake Rwakitura, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mashine ilikataa vidole vyake kwanza, kisha ikamkubali kwa uso.

Sikusudii kufufua ubishi wa siku ile. Mashauri ya siasa yana wenyewe. Shabaha yangu ni jambo moja ambalo katika kelele zile halikuulizwa vya kutosha, nalo ni hili: kabla mashine zile hazijapelekwa vituoni, zilijaribiwa kwa vidole vya nani?

Swali hili si la mzaha. Kidole cha binadamu kina vijistari vyembamba, na mashine haijui jina la mtu wala ukoo wake. Inajua vijistari tu. Hulinganisha vile inavyoviona leo na vile vilivyowekwa ghalani siku mtu huyo alipoandikishwa. Kwa mtu afanyaye kazi ya kalamu, vijistari hivyo hudumu vizuri. Lakini kwa mama aliyeshika jembe tangu utotoni huko Luweero, kwa mfyatua matofali, kwa kijana achanganyaye saruji katika majengo ya Ntinda, kwa muuza samaki wa Ggaba ambaye mikono yake haikauki maji, vijistari husagika, hupasuka, hufifia. Uzee nao hukausha ngozi. Tena kioo cha mashine kikishikwa na watu mia mbili mfululizo, katika vumbi na jua la uwanja wa shule, hupata utando wa jasho na uchafu, hata vidole vya karani hodari vikashindwa kusomeka.

Kuna na jambo jingine ambalo wataalamu hulijua lakini mwananchi haelezwi. Mashine ya namna hii haisemi "huyu ndiye" kama asemavyo shahidi mahakamani. Hupima kiasi cha kufanana, na mtu fulani, fundi, ndiye aliyeamua mapema ni kiasi gani kitoshe. Akiweka kipimo juu mno, wadanganyifu watakamatwa lakini watu halali wengi watarudishwa nyumbani. Akikiweka chini mno, foleni itakwenda mbio lakini mlango utakuwa wazi kwa kila apitaye. Hakuna kipimo kisicho na gharama. Na ili kujua gharama hiyo ni kiasi gani hapa kwetu, kwa mikono ya watu wetu, hapana njia ila kujaribu na kuhesabu. Mashine iliyojaribiwa kwa vidole kumi vya mafundi walioitengeneza imejaribiwa kwa mafundi; haijajaribiwa kwa taifa.

Watu wengi, na miongoni mwao wamo wakubwa wenye kutia sahihi mikataba, hudhani kwamba programu ya kompyuta ikisha kuandikwa kazi imekwisha, na kwamba kuijaribu ni sherehe fupi ya kuwaonyesha wageni. Sivyo hata kidogo. Katika viwanda vya programu vinavyojiheshimu, kujaribu ni kazi kamili yenye watu wake na mishahara yake. Kwanza kila kipande hujaribiwa peke yake. Kisha vipande huunganishwa na kujaribiwa pamoja, maana vipande viwili vizuri vinaweza kutosikilizana, kama vile mlango mzuri na kizingiti kizuri vilivyopimwa na mafundi wawili tofauti. Kisha mtambo hubebeshwa mzigo: watu elfu wanaitumia programu kwa wakati mmoja, je, itasimama? Na mwishoni hupewa wale watakaoitumia kweli, katika mahali pa kweli, na fundi hukaa kando akiwa amefunga mdomo wake.

Sababu ya kutaka mjaribu awe mtu mwingine si kwamba mwandishi wa programu ni mwongo. Ni kwamba yeye hupita njia aijuayo. Mjaribu mwenye kuijua kazi yake hupita mlango wa uani. Huandika jina lenye ng', herufi yetu ile yenye alama juu ambayo programu nyingi za kigeni haziipendi. Huandika mtu mwenye jina moja tu. Huandika tarehe 29 Februari. Huleta mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, ajuaye tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige. Hukata umeme katikati ya kazi, kama ukatikavyo kweli katika mji huu, halafu huuwasha tena aone kama hesabu iliyokuwa nusu imehifadhiwa, imepotea, au imeandikwa mara mbili.

Mimi si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ya zamani ilikuwa uhasibu. Nakumbuka programu ya mishahara iliyoletwa katika ofisi niliyokuwamo, ambayo sina haja ya kuitaja. Siku ya maonyesho, katika ukumbi wa hoteli, iliandika mishahara ya watu ishirini bila kusita na tukapiga makofi. Ilipofika ofisini ilikataa kila jina lenye ng'. Karani, akitaka kusaidia, akaiondoa ile alama. Mwisho wa mwezi benki ikakataa kuwalipa watu hao kwa kuwa majina yao hayakulingana na yale ya benki. Wafanyakazi wale walikaa majuma matatu bila mshahara kwa ajili ya kialama kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Watu ishirini wa siku ya maonyesho, kama ilivyobainika baadaye, walikuwa wamechaguliwa na muuzaji.

Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hili hadharani. Katika uchaguzi wao wa tarehe 4 Machi mwaka 2013, vitambulishi vya elektroniki vilizimika katika vituo vingi. Betri ziliisha katika shule zisizo na umeme, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Hilo lilikuwa baya, lakini lililofuata lilikuwa na mafunzo zaidi. Matokeo yalipoanza kuonyeshwa katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, idadi ya kura zilizoharibika ilipanda kila saa hata ikapita 300,000. Nchi nzima ilishangaa. Baadaye Tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha kura hizo kwa nane. Hesabu ya mwisho ilipofanywa kwa fomu za karatasi zilikuwa 108,975. Na jambo hili halikuwa dogo, kwani mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na mawakili walikwenda hadi Mahakama ya Juu kubishana kama kura zilizoharibika zihesabiwe katika jumla au la.

Ndugu msomaji, fikiri ni jaribio gani lililohitajika ili kuligundua kosa lile. Ingetosha mtu mmoja aandike kituo cha kubuni chenye kura kumi zilizoharibika, kisha atazame ukutani aone kama zimetokea kumi. Zikitokea themanini, mtoto wa darasa la nne angeona. Halikuhitaji profesa wala mamilioni ya fedha. Lilihitaji siku moja ya mazoezi ya mwanzo hadi mwisho, kabla ya siku yenyewe, na mtu aliyepewa kazi ya kutoamini.

Walakini kosa la Nairobi lilionekana kwa sababu taifa zima lilikuwa likikodolea macho ukuta mmoja. Mzee wa kijijini hakodolewi macho na yeyote. Serikali yetu huwapa wazee msaada wa shilingi 25,000 kwa mwezi, na ili kuupata msaada huo mzee alitakiwa awe na kitambulisho cha taifa kinachoonyesha umri wake. Mnamo Juni mwaka 2021 ilitolewa ripoti na taasisi mbili za hapa Kampala, Initiative for Social and Economic Rights na Unwanted Witness, pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York. Ilieleza habari za wazee waliorudishwa kwa sababu umri ulioandikwa kwenye kadi haukuwa wao, au jina lilikosewa, au vidole vilivyochakaa havikusomeka. Hao hawakuandamana. Hawakuita waandishi wa habari. Waliambiwa kwamba mashine imekataa, wakaokota mikongojo yao wakarudi nyumbani. Kwa mtu wa mjini shilingi 25,000 ni chakula cha siku mbili. Kwa ajuza asiye na mtoto ni chumvi, sabuni na dawa za mwezi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ya programu isiyojaribiwa. Mtu akikukosea, unaweza kubishana naye, kumsihi, kumpeleka kwa mkubwa wake. Mashine ikikukosea, kila mkubwa huitazama mashine kwanza na wewe baadaye. Wala hili si ugonjwa wa nchi maskini. Nchini Uingereza shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia programu ya hesabu iliyoitwa Horizon katika matawi yake. Programu ilipoonyesha upungufu wa fedha, mkuu wa tawi alilazimika kulipa au kushtakiwa. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, baadhi yao wakaenda jela, na mwanamke mmoja alifungwa akiwa mjamzito. Mwezi Desemba mwaka 2019 jaji wa Mahakama Kuu alithibitisha kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zenye kuweza kuzua upungufu usiokuwapo. Ilibidi Bunge la nchi hiyo lipitishe sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu za watu hao kwa pamoja. Miaka ishirini na mitano, katika nchi yenye mahakama za kale na magazeti yasiyolala! Je, sisi tungetumia miaka mingapi?

Hebu sasa tutazame kile tunachokifanya vizuri. Ukienda soko la Owino au Nakasero au Kalerwe, utaona mizani za wafanyabiashara. Sheria inataka mizani hizo zikaguliwe, na maofisa wa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, huja na mawe yao ya kupimia, wakathibitisha kwamba kilo ni kilo, kisha wakabandika stika. Mizani isiyo na stika ni kosa. Hakuna anayemwambia ofisa, "Mwamini muuzaji, mizani hii imetoka ng'ambo, ni ya kisasa." Hakuna anayekubali kwamba kiwanda kilichotengeneza mizani ndicho kijikague chenyewe. Na yote hayo ni kwa ajili ya kilo moja ya nyanya.

Programu inayoamua kama mtu atapiga kura, kama ajuza atapata msaada, kama mwenye duka anadaiwa kodi, nayo ni mizani. Lakini haibandikwi stika. Hununuliwa kwa zabuni, huzinduliwa kwa hotuba, na mawe ya kuipimia hayaletwi, au yakiletwa huwa mkononi mwa muuzaji.

Wafanyabiashara wa Kikuubo na mitaa ya kati ya mji huu walifunga maduka yao mwezi Aprili mwaka 2024, na sababu moja kubwa ilikuwa mtambo wa risiti za elektroniki wa Mamlaka ya Mapato, unaojulikana kwa jina la EFRIS, ambao ulikuwa umeanza kulazimishwa tangu Januari 2021. Sisemi kwamba kila aliyefunga duka alikuwa na haki. Wapo wasiopenda kodi kwa mashine wala kwa karatasi, na kodi ndiyo inayojenga barabara. Lakini malalamiko mengi yalikuwa ya namna moja: hatuuelewi mtambo huu, hatukuandaliwa, na adhabu imekuja mbele ya mafunzo. Hayo ndiyo maneno hasa ambayo jaribio la watumiaji huyatoa mapema, kwa siri na kwa bei nafuu. Chukua wauza vitenge thelathini, mkalishe kila mmoja dukani mwake siku ya Jumamosi wateja wamejaa, umwangalie anavyoitumia programu, na uandike kila mahali anapokwama. Usipofanya hivyo wakiwa thelathini, watakueleza wakiwa maelfu, milango ikiwa imefungwa.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba majaribio ni ghali, na kwamba wakati haukutosha. Kuhusu gharama sitasema mengi. Mwenye shaka na awaulize Waingereza wamelipa fidia kiasi gani. Kuhusu wakati nakiri kwamba hoja ina uzito, ila imewekwa mahali pasipo pake. Tarehe ya uchaguzi hujulikana miaka mingi kabla. Mara nyingi kinachokula wakati ni zabuni, rufani za zabuni na mivutano ya ofisini, na mwishowe siku zilizobaki zikiwa chache, kitu cha kwanza kukatwa ni majaribio, kwa kuwa hayana mtu wa kuyatetea. Ujenzi una mkandarasi wa kuutetea. Mafunzo yana posho za kuyatetea. Majaribio yana mjaribu mmoja mwenye habari mbaya.

Kwa hiyo mjaribu huyo apewe nguvu kwa maandishi. Mkataba wa programu yoyote itakayotumiwa na umma uwe na sharti kwamba sehemu ya malipo hailipwi mpaka wajaribu wasiokuwa wa muuzaji, wala wa ofisi inayonunua, wametia sahihi. Wajaribu hao hatuhitaji kuwatafuta mbali. Vijana wanaotoka Makerere na Kyambogo na vyuo vingine kila mwaka wakiwa na shahada za kompyuta wanatosha, na wengi wao hawana kazi. Mamlaka ya Teknolojia ya Habari ya Taifa, NITA, imekuwako kisheria tangu mwaka 2009. UNBS ina desturi ya ukaguzi. Wakae meza moja waamue nani atashika mawe ya kupimia. Na mjaribu akisema "bado", pasiwe na mkubwa wa kumpigia simu usiku.

Tena majaribio yafanywe mahali pa kweli. Kisiwa kimoja cha Kalangala, mlima mmoja wa Kisoro, mtaa mmoja wa Kamwokya wenye watu wengi na umeme wa kubahatisha. Siku nzima, tangu saa moja asubuhi, wakiitwa wazee, wakulima, mafundi seremala, wenye ulemavu wa mikono. Na karatasi nayo ijaribiwe. Januari iliyosemwa, daftari la karatasi ndilo lililookoa siku, lakini makarani walilipokea kama mtu anayepewa usukani gari likiwa mteremkoni: wengine hawakujua waanze lini, wala nani awape ruhusa. Njia ya akiba isiyofanyiwa mazoezi si njia.

Na hesabu zitangazwe. Nimesema kwamba sitafufua ubishi, lakini neno hili sina budi kulisema. Mashine zilipogoma, wengine waliona hila na wengine wakaona hitilafu, na hapakuwa na mwananchi wa kawaida aliyeweza kuwaamua. Mahali ambapo matokeo ya majaribio yametangazwa mapema, kwamba kati ya watu elfu moja mashine hii hukataa watu kadhaa wa halali, mtu yeyote anaweza kusimama kituoni akahesabu na kusema hili ni la kawaida au hili si la kawaida. Pasipo hesabu hiyo mkononi mwa watu, mtumishi mwaminifu na mwenye hila huonekana sawa, na mwaminifu ndiye anayepata hasara.

Zoezi la kuandikisha upya vitambulisho vya taifa, lililoanza tarehe 27 Mei mwaka 2025, limeongeza kupiga picha mboni ya jicho. Ni hatua nzuri, maana jembe halisagi jicho. Lakini jicho nalo lina mtoto wa jicho, lina uzee, na lina karani anayeishika kamera mkono ukitetemeka mwisho wa siku. Uchaguzi mkuu ujao ni mwaka 2031. Kabla ya hapo zitakuwako chaguzi ndogo za kujaza nafasi zitakazoachwa wazi, na kila moja ingeweza kutumiwa kama jaribio bila kuongeza hata senti moja. Katika kila kituo karani aandike mambo manne tu: wangapi wamefika, wangapi wamekubaliwa na mashine mara ya kwanza, wangapi wamekubaliwa kwa sura au jicho baada ya kidole kukataa, na wangapi wamepita kwa daftari. Karatasi moja, mistari minne, sahihi ya karani na ya mawakala wa vyama, na nakala moja ibandikwe mlangoni.